Maneno Niliyoandika Nyuma ya Lori la Mama Tabitha

Ipo siku moja ya kidato cha tatu ambayo sijaisahau, mwanangu, na daftari nilimoiandika bado ninalo, pembe zake zimeliwa na mende. Siku hiyo mama mmoja mfanyabiashara wa Nansio alisimama katikati ya karakana ya babu yako pale Buhongwa, akasema maneno machache, nami nikatamani ardhi ipasuke nitumbukie. Nakusimulia kwa sababu juzi umeniambia kwamba wale waliofungua kiwanda cha bodi jirani na wewe wanakuchukulia wateja, na kwamba umempata kijana wa kukutengenezea tangazo la kuwachamba kwenye simu za watu. Umesema litachekesha. Sina shaka. La kwangu pia lilichekesha.

Enzi hizo mtu aliyetaka bodi ya lori, atoke Magu au Geita, alikuja kwa babu yako. Lori lilifika likiwa kichwa na chesesi tu, mifupa mitupu kama ng'ombe aliyechunwa, na baada ya wiki tatu au nne likatoka na bodi ya mbao za mninga iliyofungwa kwa vyuma, nzito, imenyooka. Chama cha ushirika kilileta malori yake kila mwaka kabla ya msimu wa pamba. Hakikuuliza yatakuwa tayari lini. Hakikuwa na pengine pa kuyapeleka, na babu yako alidhani ni mapenzi. Mgema akisifiwa, mwanangu, mwisho wake unaujua.

Kisha mambo yakafunguliwa. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, malori yaliyokwisha kutumika nchi za nje yakaanza kupanda hadi kwetu, na ushirika ukaanza kukohoa. Mwenye lori sasa alikuwa mtu mmoja aliyeuza ng'ombe wake kulinunua, na alitaka liwe barabarani wiki hii hii.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa Faustine, fundi mkubwa wa babu yako, ambaye alikuja kwetu hajui hata kushika msumeno. Siku moja alipendekeza kwamba mbao zibaki kwenye sakafu tu, ubavu uwe wa bati nene na vyuma vyepesi. Baba yangu akamjibu mbele ya mafundi wote kwamba kama anataka kufua ndoo na makarai, aende sokoni kwa mafundi bati wenzake. Watu wakacheka. Nilikuwepo, na mimi nikacheka.

Haukupita muda Faustine akaondoka, akafungua karakana yake pale njia panda ya Usagara. Bodi alimaliza kwa siku sita. Tena alitengeneza chochote kilichovunjika, kiwe kimetoka mikononi mwake au kwa mwingine. Kwetu bodi ya kwingine haikuguswa. Baba alisema kila mgonjwa akatibiwe alikozaliwa.

Chesesi uani zikapungua, tano, tatu, mbili. Mafundi wawili wakaaga. Tukimwambia Baba jambo, alijibu, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," na mazungumzo yakafa hapo. Lakini nilimwona asubuhi akienda kusimama kando ya barabara ya Shinyanga, mikono mgongoni, akitazama malori yanavyopita bila kukata kona kuingia kwetu. Karakana ilikuwa inakufa, naye alijua. Alichokuwa hajui ni kwamba mtu anaweza kuuliza kwa nini.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa binti mwenye haya kupita kiasi. Mgeni akifika nilimsalimia huku natazama vidole vya miguu yangu. Yote niliyoshindwa kuyasema niliyaweka kwenye daftari, na kwa kuandika huko nikapata mwandiko mzuri. Ndiyo maana wakati wa likizo Baba alinipa kazi ya kuandika kwa rangi yale maneno ya nyuma ya malori. Unayajua, kila mwenye lori na neno lake. Ilikuwa kazi ya kunifaa, maana unaongea na barabara nzima na hakuna anayekuona.

Likizo hiyo tulikuwa tunamaliza lori la Mama Tabitha, yule mama wa Nansio, aliyekuwa akitoa dagaa Ukerewe na kuwapeleka hadi Shinyanga. Alitaka aandikiwe ASANTE BABA, kumshukuru marehemu baba yake aliyemwachia mtaji. Niliandika. Nikarudi nyuma kutazama, nikaona nafasi kubwa imebaki chini yake, na rangi ipo kwenye kopo. Daftari langu la siku hiyo lasema hivi: "Namchukia Faustine. Sijui amenikosea nini mimi. Nadhani namchukia kwa sababu Baba anamchukia."

Nikachovya brashi, nikaandika kwa herufi kubwa kuliko zile za juu: BATI HUPIGA KELELE, MNINGA UMETULIA.

Dereva wa lori lile, kijana tuliyemwita Ngosha, alipoyasoma alipiga mluzi, akasema hayo atayapitisha Usagara polepole ili yasomeke vizuri. Baba akaja kuona watu wanachekea nini. Akasoma. Akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Mwanangu, wiki ngapi hajacheka! Usiku nikaandika mstari mmoja tu: "Leo Baba amecheka, na mimi ndiye niliyemchekesha." Nakwambia hili ili ujue kwamba makosa mengine huingia kwa mlango wa mapenzi. Hata wewe najua unampenda babu yako, na ndiyo sababu unataka kuwachamba watu.

Maneno yakaenea. Mwenye lori mwingine akaja anataka yaleyale. Ngosha naye kila akipita Usagara alipunguza mwendo mbele ya karakana ya Faustine, akapiga honi mara mbili, akaenda zake. Faustine hakujibu. Hakuandika neno popote. Mimi nikadhani tumemmaliza.

Zikapita kama wiki tatu. Mchana mmoja wa mawingu Mama Tabitha akaingia kwetu kwa miguu, kitenge kina matope hadi magotini, kitu kizito kimefungwa kwenye khanga mkononi. Baba akamkaribisha, akamuuliza lori letu linaendeleaje.

"Lori lako liko Usagara kwa Faustine," akajibu, akafungua khanga, akaweka mezani bawaba ya mlango wa nyuma. Ilikuwa imekatika katikati.

Akaeleza bila kupandisha sauti. Bawaba ilikatika siku iliyotangulia, hatua chache kabla ya kufika njia panda. Hapo hapo palikuwa na mashine ya kuchomelea na fundi asiyebagua bodi ya mtu. Lakini Ngosha, aliyekuwa amewapigia honi wiki tatu, angeingiaje getini kwao na maneno yale mgongoni? Aliona haya. Akafunga mlango kwa kamba, akapita amejiinamia kwenye usukani. Mbele ya Misungwi kamba ikalegea, mlango ukafunguka, magunia ya dagaa yakaanza kushuka moja moja barabarani, na mvua ikanyesha. Alipogundua, nusu ya mzigo ilikuwa matope. Mama mwenyewe ndiye aliyeagiza lori lirudishwe kwa Faustine, na Faustine akalipokea, akaanza kazi.

"Yale maneno aliandika nani?" akauliza.

Mafundi wakatazama misumeno yao. Baba akafungua mdomo, nadhani alitaka kuyabeba yeye. Nikasema, "Mimi, mama. Shikamoo." Kwa mpangilio huo huo. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua.

"Marahaba. Wewe na Faustine mna ugomvi?"

"Hapana, mama."

"Mimi ninao?"

"Hapana."

"Basi ugomvi usio wako wala wangu umepanda lori langu, na dagaa wangu ndio walioshuka kuupisha."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Baba akaingilia, akasema atafanya bawaba mpya bila malipo, na mlango atauunda upya kwa mninga mnene zaidi. Mama Tabitha akamtazama kama mtu anayemtazama kaka yake mkaidi.

"Bodi yako inadumu miaka mingapi, fundi?"

"Ishirini," Baba akasema, kifua mbele hata siku ile.

"Na lori lenyewe, ambalo limekuja kwetu limeshachoka?"

Baba akaitazama ile bawaba mezani.

"Minne, Mungu akipenda. Ile kumi na sita inayobaki nimvalishe nani? Na kila nikifika kivukoni nashusha magunia, kwa sababu uzito unaoruhusiwa kuvuka umeshaliwa na mbao zako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Ukanijibu chema chajiuza." Akaanza kuikunja khanga yake. "Mimi nimekuja kugomba kwa sababu bado nakutaka. Wale wanaopita kimya ndio waliokwisha kukuchoka. Hujawahi kuwauliza."

Akaondoka. Baba alikaa na ile bawaba mkononi mpaka jioni, anaigeuza, anaigeuza.

Kesho yake aliniambia nichukue kopo la rangi na brashi. Tukaenda Usagara. Faustine alipotuona alifuta mikono, akasema, "Shikamoo mzee." Baba akaitikia, kisha akasema amekuja kutazama bawaba ilivyofungwa. Hiyo ndiyo radhi aliyoiomba, nyingine hakuomba. Akavua koti, akalala chali chini ya lori katika ua wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika msumeno, akakagua chuma kwa vidole.

Mimi nikabaki nyuma ya lori, mbele ya mafundi wote, nafuta maneno yangu herufi moja baada ya nyingine. Vijana hawakuniacha. "Leo mninga umetulia kweli," mmoja akasema. Mwingine akaokota kipande cha bati, akakigonga ngo ngo ngo kila nilipofuta herufi. Machozi yalinilenga, na nilistahili.

Faustine akawatuliza kwa mkono. Akaniambia, "Mwandiko wako ni mzuri, mdogo wangu. Likizo ijayo njoo uniandikie na mimi, ila maneno nitachagua mwenyewe."

Kutoka chini ya lori sauti ya Baba ikasema, "Huyo humpati."

Watu wakacheka, Faustine kwanza. Yeye na Baba hawakuungana, usidhani hivyo. Waliendelea kunyang'anyana wateja mpaka uzee. Lakini kuanzia siku ile walinyang'anyana kwa kazi.

Baada ya hapo Baba alifanya jambo lililomuuma kuliko kulala chini ya lile lori. Aliwafuata wateja waliomwacha. Alikwenda kwenye viwanda vya kuchambua pamba, akaenda mialoni ziwani, kwa wenye samaki, akawauliza mmoja mmoja, "Ni kipi kilikuchosha kwangu?" Alinichukua niandike majibu, maana mkono wake ulikuwa mzito wa kalamu. Mwanzoni nilikuwa nasalimia vidole vyangu. Baada ya nyumba kama kumi nikaanza kusalimia nyuso. Tuliambiwa mengi, na mengine hayakuwa matamu. Mzee mmoja wa Magu alimwambia Baba kwamba kazi yake haikuwa na kasoro, bali alichoka kusubiri kama anaomba msaada.

Baba hakumwiga Faustine kila kitu. Sakafu ya mninga aliibakiza, kwa kuwa magunia na mapipa huangukia sakafuni, na hapo hapakuwa na wa kumshinda. Ubavu akaufanya mwepesi, wa kufunguka, ili wenye kuvuka ziwa wapunguze uzito. Siku sita hakuziweza, akajaribu akashindwa. Akawaambia watu siku tisa, na siku ya tisa lori likatoka. Na bodi ya mtu yeyote iliyovunjika akaipokea, hata ya Faustine, na kwa kuzitengeneza ndipo alipojifunza zinavunjikia wapi. Ushirika haukurudi. Wengine pia hawakurudi, na Baba hakuwa tena fundi wa pekee. Lakini ua ulipata chesesi, na mmoja wa wale mafundi wawili walioaga akarejea. Karakana unayoikalia leo imetoka kwenye zile siku tisa.

Sasa shika haya, mwanangu. Mshindani akija, usianze kwa kumtazama yeye, mtazame mteja aliyekatisha njia yako kwenda kwake. Mfuate, umuulize, na akikujibu usijitetee. Anayekugombeza mshukuru, huyo bado ni wako. Jua kitu kimoja unachokiweza kuliko wote, hicho usikiuze. Mengine yote badilisha bila aibu, hata kama aliyekuonyesha ulimfundisha wewe. Ahadi yako ya siku iwe ndefu kidogo kuliko tamaa yako, kisha itimize. Na kijembe chako usikipakie kwenye mzigo wa mtu mwingine. Hao wenye kiwanda jirani, ipo siku gari la mteja wako litaharibikia mbele ya geti lao. Lifike pale dereva akiweza kuinua uso.

Kwa hiyo lile tangazo lifute kabla halijatoka. Mama Tabitha alibakiza ASANTE BABA peke yake nyuma ya lori lake, na ile nafasi ya chini ikabaki tupu mpaka lori lilipokufa.

Mungu akupe mikono isiyochoka na masikio mapana kuliko mdomo. Bawaba zako zishike, malori yako yavuke salama na kurudi, na jina la babu yako likae juu ya lango lako bila kuhitaji kumtukana mtu. Nenda na baraka zangu.