Kanda Iliyolewa

Miaka ya tisini nilikuwa na studio ya picha Kericho mjini, juu ya duka la mbolea, na mlangoni nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: TUNABADILISHA KANDA ZA NG'AMBO. Maneno hayo manne yaliniletea matusi mengi kuliko anayopata karani wa kupima majani chai.

Shida ilikuwa hii. Kila kijiji kilikuwa na kijana Marekani, anasoma au anakimbia riadha, na kila kijana alikuwa na rafiki mwenye kamera. Kanda inafika kwa posta, majirani wanajaa sebuleni, inatiwa kwenye mashine, halafu lo! Kanda za Marekani na mashine za Kenya hazikuwa zinasikizana. Rangi hakuna, picha inapanda na kushuka, na sauti inatoka nzito, inavutwa polepole. Kisha wanapanda ngazi zangu kuja kunigombeza. Jamani, Marekani niliijenga mimi?

Siku moja ya mvua akaja mama mmoja mjane, mkulima wa chai kutoka Mogogosiek, na kanda yake ndani ya mfuko wa unga.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Lakini wewe si wa hapa."

"Mimi ni wa upande wa ziwa."

"Haya. Hata mtu wa samaki anaweza kusaidia."

Akakaa, akanieleza. Kijana yake alikuwa Marekani anasoma. Kabla ya kusafiri alikuwa amemchumbia msichana wa kilima cha pili, na wazee wa ukoo walikuwa wameshaenda kwao mara ya kwanza kuposa. Ndipo kanda ya salamu ikafika. Mama kwa furaha akaipeleka kanisani, ikachezwa mbele ya watu wote baada ya ibada. Picha haikuonekana, lakini sauti ilisikika: kijana anaburuta maneno, ulimi mzito, anamsalimia mama yake kama mtu aliyetoka kilabuni. Kanisa lile halikuruhusu hata pombe ya busaa ya kuonja. Jumapili iliyofuata mchungaji akatangaza mfungo wa kumwombea kijana aache pombe. Wazazi wa msichana wakatuma ujumbe kwamba wao hawaozi binti kwa mlevi.

"Kijana yangu hakunywa hata siku moja," mama alisema. "Kama hii kitu haitengenezeki, hakuna harusi."

Nilicheka. Aliponitazama nikaacha.

Usidhani nilikuwa na mtambo wa ajabu. Nilikuwa na televisheni na video za kucheza kanda za nchi zote, na kamera yangu ya harusi juu ya miguu mitatu. Nilikuwa nafunika dirisha kwa blanketi, nacheza kanda ya Marekani kwenye televisheni, na televisheni hiyo naipiga picha kwa kamera yangu ya Kenya. Huo ndio uliokuwa ufundi. Ila kamera inasikia kila kitu kilichomo chumbani, kwa hiyo sharti lilikuwa moja tu: kimya. Nilimwambia angoje chini dukani. Alikataa katakata. Nikamwambia basi asikohoe hata kidogo, akaniapia.

Picha ikatokea, safi, na mistari michache myeusi ikipita. Kijana mwembamba ndani ya koti kubwa, nyuma yake theluji. Akatabasamu, akasema kwa sauti nyepesi kabisa ya mtu mwenye akili zake: "Takwenya." Hiyo ni salamu ya Wakipsigis kwa mwanamke.

"Igo!" mama akaitikia.

Nikasimamisha kila kitu. "Mama, tumesema nini?"

"Amenisalimia."

"Ni televisheni!"

"Wewe kwenu mtoto akikusalimia unanyamaza? Unataka nimlaani?"

Nikarudisha nyuma, nikaanza upya. Takwenya. Igo! Nikafoka, nikamwambia nitamfungia nje. Akasema nifunge, ataitikia akiwa kwenye ngazi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini kuna ukaidi unaoshinda hasira. Nikaacha kamera iendelee.

Kumbe salamu ilikuwa mwanzo tu. Kijana akionyesha friji yake, mama anauliza mbona ina maziwa kidogo. Kijana akisema anakula vizuri, mama anamwambia wacha uongo, angalia shingo yako. Halafu mama akasogea karibu na kioo cha televisheni, akaacha Kikipsigis ambacho nilikuwa nakielewa nusu nusu, akasema polepole, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie vizuri: "Walisema umelewa. Nisamehe, baba. Hata mimi niliamini. Nilifunga chakula pamoja nao."

Niliona aibu kuwa mle chumbani. Nilimwambia tunaweza kurekodi tena bila maneno hayo. Akasema yabaki.

Jumapili nilienda na kanda hiyo kanisani mimi mwenyewe, kulinda jina la studio. Wazazi wa msichana walikuja, wakakaa mbele. Kanda ikaanza, na sauti ya kijana ikatoka wazi. Watu wakamsikia mama akizungumza ndani ya televisheni, na huku yuko pale kwenye benchi, mdomo umefumbwa, macho chini. Alipofika penye kuomba msamaha, baba ya msichana alivua kofia.

Nikajua tumeshinda. Ndipo mchungaji akasimama, mikono juu, na kupaza sauti: "Mnaona? Mfungo umejibiwa! Kijana ameacha pombe!"

Aleluya zikatikisa mabati. Nikainuka kueleza habari ya mashine. Mama akanivuta koti nikarudi chini.

"Kaa, fundi. Harusi imerudi. Unataka nini tena?"

Posa ikaendelea. Mpaka leo yule kijana ana ushuhuda mzuri sana wa kuokolewa kutoka kwa pombe ambayo hakuwahi kuionja.

Wiki iliyofuata mama alirudi na nakala ile. Alitaka nimsaidie kuituma Marekani.

"Mama, mashine zao nazo hazitaki kanda yetu. Picha itaharibika."

"Na sauti?"

"Itatoka, lakini ya kukimbia. Nyembamba, ya haraka haraka, ya msichana mdogo. Hatakujua."

Alifikiri kidogo. "Mimi nilisikia sauti yake imeharibika, nikasema ni ya mlevi. Tuma. Tuone kama yeye atanijua."

Nikaituma, bila imani yoyote.

Miezi ikapita, chai ikachumwa na kuchumwa tena, kisha akaja na kanda mpya. Nikafunika dirisha, nikawasha kamera. Sikumwambia anyamaze. Kijana akatokea, mnene kidogo, akasema, "Takwenya." Kisha akanyamaza. Hakuendelea. Alitutazama tu na kungoja, nikadhani mashine imekwama, nikanyoosha mkono kuigusa.

"Igo," mama akaitikia.

Kijana akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia, akaanza kueleza habari zake.