Yasini Msimu wa Senene

Msimu wa senene ukiingia kama sasa, mwanangu, huwa naikumbuka siku tuliyomsomea hitima taata, baba yangu. Naona unavyohangaika na masomo yako hapo dirishani, kila anayepita njiani anaondoka na macho yako, ndiyo maana nakusimulia.

Nilikuwa msichana wa umri wako, hapa hapa Kitendaguro. Niliomba mwenyewe nimsomee taata Yasini kwa sauti, mbele ya wanawake wa ukoo. Wakubwa walisita, wakataka apewe dada yangu, na hilo liliniuma sana. Lakini kweli mazoezini nilikuwa navuruga. Chumba cha Bi Mwajuma, aliyetufundisha Kurani kule Miembeni, kilitazama uwanja wa majani, na asubuhi watoto walikimbizana na senene humo. Mhaya gani atawaona senene aendelee na shughuli zake? Nikafumba macho, nikawaona senene wale wale, tena wamekwisha kaangwa.

Bi Mwajuma hakunigombeza. Alisema, "Acha kushindana na macho, mjukuu wangu. Lipe sikio kazi ngumu. Nitasoma mimi, na mahali fulani nitakosea makusudi. Unikamate."

Nikatega sikio. Alikuwa mjanja bibi yule, anafupisha kidogo tu mahali pa kuvuta sauti, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Nilipokuja kumkamata, uwanja ulikuwa mtupu, na sikujua watoto wameondoka saa ngapi.

"Sasa jisikilize mwenyewe hivyo hivyo," akaniambia.

Siku ya hitima nilisoma huku nikijivizia kama navizia mwizi. Nikafika mwisho bila kuteleza. Nilipoinua kichwa, wanawake wote walikuwa wananitazama. Mama akanyoosha mkono akamtoa senene kwenye ushungi wangu, karibu kabisa na jicho. Kumbe senene walikuwa wameingia dirishani tangu mwanzo, wameruka chumba kizima, wengine wametua hadi kwenye mkeka mbele yangu. Mama akacheka, kisha akalia.

"Baba yako angekuwa wa kwanza kumkamata huyu," alisema. Nami nikalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Basi usipoteze nguvu kuyazuia macho, mwanangu. Soma kwa sauti, ujisikilize kwa makini, na wapita njia watapita bila kukuchukua. Ila ujue jambo hilo lina upande wa pili. Sikio likishajaa, hata bodaboda inaweza kupita mbele ya macho yaliyo wazi usiione. Kwa hiyo ukifika barabarani, hizo hedifoni zitoe. Sikutanii hapo.

Mwenyezi Mungu akupe sikio tulivu na akurudishe nyumbani salama kila siku. Na siku nitakapoondoka, nisomee wewe, hata kama ni msimu wa senene.