Mama Julienne wa Vitanda Vyote

Mama Julienne hakuwa mfanyakazi wa hospitali. Hakuwa na koti jeupe, wala jina lake halikuandikwa mahali popote. Lakini katika chumba cha akina mama waliopasuliwa, mgonjwa akiita, yeye ndiye aliyefika kwanza, beseni mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine.

Alizaliwa Zongwe, kwa watu wa kuvua na kuanika dagaa, akaolewa hapa Kalemie na Papa Omer. Papa Omer alilala hospitalini miezi saba kabla ya kufa. Kwetu hospitali inatoa daktari na kitanda. Kumlisha mgonjwa, kumwosha na kumwaga choo chake ni kazi ya ndugu, garde-malade kama tunavyomwita. Katika miezi ile saba Mama Julienne alijifunza kumgeuza mtu bila kumwumiza, na kumbadilishia shuka akiwa bado amelala juu yake. Tangu hapo, kila mwenye mgonjwa pale mtaani Lubuye alimwita. Hakukataa hata mara moja.

Msimu wa mvua uliopita tulikaa naye chumba kimoja. Binti yangu Falone alipasuliwa ili azae. Siku mbili baadaye wakaleta Syntiche, mtoto wa pekee wa Mama Julienne, naye akapasuliwa, akazaa msichana. Vitanda vyao viligusana.

Chumba kile kina desturi yake: beseni halinyimwi. Wengine wanatoka mbali, kutoka Nyunzu au Bendera, na nguo walizovaa tu. Ukimnyima mwenzako beseni wakati mgonjwa wake analala kwenye uchafu, watu watasema unamtakia kifo. Kwa hiyo mabeseni yalizunguka, na la Mama Julienne, kwa sababu lilikuwa kubwa, lilizunguka kuliko yote.

Karibu na dirisha alilala Mujinga, mwanamke wa Nyunzu. Alikuwa amepasuliwa mara tatu. Dawa zake za sindano zilibadilishwa na kubadilishwa, na tumbo lilimwendesha kutwa nzima. Aliyemtunza alikuwa mama mkwe mwenye magoti mabovu. Basi Mama Julienne alimwosha Mujinga asubuhi na mchana, akasuuza beseni bombani, akarudi kumwosha Syntiche. Mimi niliyaona hayo, na moyo wangu haukutulia, ingawa sikujua ni kwa nini.

Nilijua siku nilipokuwa nikingoja maji. Papa Zacharie wa labo, mpimaji wa damu na choo, alikuwa akimweleza muuguzi mkubwa, Papa Toussaint, kwamba ameanza kuogopa mikrobe, yaani vijidudu, za yule wa dirishani, kwa kuwa hakuna dawa kabatini iliyozishinda. Niliwakatiza.

“Papa Zacharie, mikrobe zinajifunza wapi kushinda dawa?”

Alinitazama, akacheka kidogo. “Mama Falone, we njo polisi ya hapa? Sikiliza. Ndani ya tumbo ya kila muntu muko mikrobe, na haziko na neno. Lakini hapa tunapiga dawa mingi. Zenye kuwa dhaifu zinakufa, zenye kujua kujikinga njo zinabakia. Kisha zinapeana ile kinga, hata na mikrobe za jamaa ingine. Ni kama wamama munavyoazimana mabeseni. Ila mikrobe ikiazimisha, yenyewe inabakia na kinga yake, na ile ingine inapata yake.”

“Na zinapita wapi?”

“Choo. Mikono. Bomba. Beseni.” Hakuwa akicheka tena.

Kesho yake Papa Toussaint alisimama mlangoni akatangaza: kila mgonjwa na beseni lake, na sabuni kabla ya kumgusa yeyote. Wote tukaitikia, “Ndiyo, Papa.” Kabla ya saa sita mabeseni yalikuwa yakizunguka tena.

Mimi la kwetu nililifunga ndani ya kitenge, nikalisukuma chini ya kitanda. Mama mkwe wa Mujinga alipokuja kuliomba nilimwambia limepasuka. Alikuwa amekwisha kuliona. Mama Julienne akapaza sauti mbele ya chumba kizima:

“Mama Falone, beseni yako imeolewa? Bwana yake anaikataza kutoka inje?”

Walicheka wote. Hata Falone alijifunika uso.

Nilimvuta hadi barazani. “Mama Julienne, acha kwanza kumuosha yule wa dirisha.”

“Nimuache na mavi yake?”

“Papa Zacharie anasema mikrobe zake ni mbaya.”

“Papa Omer nilimuosha miezi saba. Nilikufa?”

Nilitaka kumjibu: si wewe, ni Syntiche, kidonda chake bado kibichi. Maneno yalifika mdomoni. Lakini kwetu, kutaja ubaya juu ya mtoto wa mtu aliyelala kitandani, mbele ya mama yake, ni kama kumwitia ubaya huo. Kama ubaya ungekuja baadaye, angesema niliuleta mimi. Nikanyamaza. Yeye akanipiga begani kwa upole, akarudi ndani.

Siku ya nne tangu apasuliwe, Syntiche alishikwa na homa. Kidonda kilivimba, kikaanza kutoa maji ya rangi mbaya. Walimpa sindano hii, wakampa na ile. Papa Zacharie alitia usaha kwenye kichupa, kikapelekwa Lubumbashi kwa ndege. Tulingoja jibu siku tano. Mama Julienne hakumwosha tena mtu mwingine. Alikaa chini, mgongo ukiegemea kitanda, mkono wa Syntiche juu ya bega lake.

Jibu lilisema dawa moja tu ndiyo iliyobaki ya kuishinda mikrobe hiyo, na Kalemie haikuwepo. Papa Toussaint alipiga simu kila upande. Wakati dawa ikitafutwa, Syntiche aliomba aletewe mtoto amwangalie. Tulimsogezea karibu. Alimwita Élysée, na jina likabaki hilo. Syntiche alikufa siku ya pili yake, mchana, mvua ikipiga mabati hata hatukusikia pumzi ilipokatika. Mujinga alimtangulia kwa siku mbili. Falone wangu alitoka hospitalini akitembea.

Baada ya kilio, watu walipokwisha kutawanyika, Mama Julienne alinijia nyumbani. Hakukaa.

“Siku ile barazani, ulitaka kuniambia nini?”

Nilimwambia yote, na maneno ya Papa Zacharie kama alivyoyasema. Alinisikiliza akitazama chini.

“Ungenitukana tu,” alisema. “Ungenitukana mbele ya wote, ningesikia.”

Nilimsindikiza hadi njiani.

Papa Toussaint alikuja kumwona. Alimweleza kwamba hakuna anayejua mikrobe ile ilipita wapi. Labda bomba, labda mikono ya wauguzi wenyewe. Alisema pia kwamba mtu mzima wa afya anaweza kukaa nayo tumboni miezi mingi bila kuumwa, na kwamba sabuni na maji safi vinatosha, amshike mjukuu wake bila woga. Mama Julienne aliitikia vizuri, akamshukuru, akamsindikiza. Katika maneno yote yale alibaki na moja tu: kwamba anaweza kuwa nayo.

Anampikia Élysée uji, kisha anamwita jirani amlishe. Usiku mtoto analala na shangazi yake. Watu wa Lubuye wameanza kusema huzuni imemgeuza, hapendi mtoto.

Kila asubuhi naenda kumwogesha Élysée. Mama Julienne anasimama mlangoni, mikono nyuma, vidole vimekauka na kupasuka kwa sabuni. Mimi nimezaa watoto watano, lakini ananifundisha kama msichana.

“Kichwa, Mama Falone. Shika kichwa muzuri. Maji isiingie kwa sikio.”

Mtoto anasikia sauti yake, anageuza uso kumtafuta.

“Anakuita,” namwambia. “Kuja basi umupokee.”

“Maliza kwanza,” anasema. “Maliza, umufunike. Baridi.”

Namaliza, namfunika. Yeye bado yuko mlangoni.