Hodi ya Tatu Kwenye Lango la Ottermere

Clement Tuffnell aliendesha basi la Ottermere kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumfungia mlango mtu anayelikimbilia. Angemwona kwenye kioo, bado yuko kule kwa muuza samaki, mwavuli umepinduka, naye angesubiri. Abiria walinung'unika hadi wakachoka. Basi mtu huyu huyu ndiye mji uliomchagua kuwa mlinzi wa lango, kazi ambayo ina siku moja tu kwa mwaka: kumfungia Mfalme nje.

Mambo yenyewe ni ya zamani. Kulikuwa na mfalme aliyeamini kwamba nchi amekabidhiwa na Mungu mwenyewe na hana wa kumjibu. Akaingia bungeni na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wameshachomoka. Miaka saba baadaye akakatwa kichwa. Watu wa Ottermere hupenda kusema kwamba wao walimkatalia kabla ya wote: mjumbe wake alikuja kuchukua farasi na nyasi kavu, wakamwacha nje ya lango hadi akajifunza adabu. Tangu hapo, kila Oktoba, mjumbe wa Mfalme hupiga hodi tatu. Kwa hodi ya kwanza huulizwa ni nani, hujibu, "Mfalme wa Uingereza!" Lango halifunguki. Kwa ya pili hujibu, "Mtumishi wa Mfalme." Halifunguki vilevile. Kwa ya tatu husema, "Mgeni, naomba njia," na hapo ndipo komeo huondolewa. Likifunguliwa kabla ya hodi tatu, kitabu cha mji kinasema, Mfalme anarudishiwa haki ya farasi na nyasi, na mlinzi anavuliwa kazi. Farasi waliobaki Ottermere ni wawili, mmoja kipofu, lakini jambo hilo hakuna anayelifanyia mzaha.

Kichekesho ni kwamba Clement anawapenda wafalme. Kabati lake limejaa vikombe vyenye sura zao. Ukimuuliza, atakupa historia yote kabla maji ya chai hayajachemka: huyu alibanwa na makabaila hadi akagonga muhuri kwenye mkataba asioutaka, yule alikata vichwa vya wake zake wawili, wale waliofuata waliitwa kutoka ng'ambo wakapewa masharti kwanza, taji baadaye. "Na huyu wa sasa anasoma hotuba aliyoandikiwa na mawaziri," humalizia, "hata nukta haruhusiwi kuihamisha. Maskini wa watu."

Desmond Pike, muuza nyama, hataki kusikia habari za mfalme yeyote, aliye hai wala mfu. "Yaani wewe mzee unawafungia mlango, halafu unarudi nyumbani kunywea chai kwenye nyuso zao!"

"Unaweza kumpenda mtu na mlango ukaufunga," Clement humjibu. "Marehemu mke wangu alinifungia mara ngapi?"

Kwa miaka kumi na tisa mjumbe alikuwa Bi Rosalind Ashcombe, yeye nje, Clement ndani. Mwaka huu Bi Rosalind alitoka hospitali mwezi wa tisa, amekonda, fimbo mkononi. Wiki moja kabla ya siku yenyewe Clement alimpelekea chupa ya jemu ya zambarau.

"Clement, najua kilichokuleta, na si jemu."

"Wametabiri mvua, bibie. Naweza kufungua mapema kidogo. Hodi moja, hodi mbili, nani atajali?"

"Mimi. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Ukinionea huruma mbele ya mji mzima, sikusamehe. Nataka nifungiwe nje sawasawa, kama mjumbe mwingine yeyote."

"Sawa, bibie," alisema Clement, na jemu yake mwenyewe ikamshinda kula wiki nzima.

Mvua ikaja kweli, ya ubavuni, ile inayoingia kwenye masikio. Mji ulikuwa umejazana nyuma ya Clement, karani wa mji na kitabu chake chini ya mwavuli, Desmond na aproni yake. Hodi ya kwanza ikapigwa.

"Nani?"

"Mfalme wa Uingereza!" Sauti ilikuwa ndogo, ila ya kiburi kama kawaida. Clement akatabasamu.

Hodi ya pili ilichelewa.

"Nani?"

"Mtumishi... wa Mfalme."

Hodi ya tatu haikuja. Clement alisubiri, akasubiri tena. Akaweka sikio kwenye mbao, akasikia pumzi upande wa pili, nzito, na fimbo ikikwaruza mawe. Mkono wake ukashika komeo.

"Bado moja, Bwana Tuffnell," alisema karani kwa upole.

Alijua ni bado moja. Akifungua, amemdhalilisha yule mama kwa huruma aliyoikataa kwa kinywa chake. Asipofungua, atamsikia akianguka. Moyo ulimuuma kwa kumpenda mwanamke yule mkaidi. Akaachia komeo. Akakunja ngumi, akapiga hodi yeye, kutoka ndani, mara moja, kwa nguvu.

Watu wakaguna. Jambo hilo halikuwahi kufanyika.

Nje pumzi ikatulia. "Nani?" iliuliza sauti ya Bi Rosalind, na ndani yake mlikuwa na kicheko kidogo.

"Clement Tuffnell, bibie. Naomba njia."

"Pita, Clement."

Akafungua. Bi Rosalind alikuwa ameegemea ukuta, kofia ikichuruzika, kidevu juu. Clement akampa mkono, naye akaushika kwa uzito wake wote, wakaingia polepole. Karani alikuwa ameshafungua kitabu, kalamu inasita, maana sheria ni sheria.

Desmond Pike akavua kofia, yeye ambaye hakuwahi kumvulia mtu yeyote wa Mfalme.

"Andika tatu," alimwambia karani. "Nimezihesabu mwenyewe."