Ratili Sitini za Kwenda Kamsamba

Juzi mjukuu wangu kaja na mizani ya kukanyaga kutoka Tunduma. Nikapanda, nikainama kuchungulia: namba za safu mbili! Akaniambia, "Bibi, za ndani ni kilo. Hizi za nje hata sizijui." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ratili hizo, mwanangu! Ndizo zilizotaka kuninyima Kamsamba!

Nisikilize, mwenzangu. Kwetu Isansa, kahawa ikishauzwa, baba alishuka kwa miguu na wanaume wenzake mpaka bondeni Kamsamba kuchukua mchele wa Krismasi. Watoto tuliililia safari hiyo. Lakini baba alikuwa na sheria yake: "Asiyefika ratili sitini abaki na mama yake. Mtoto mwepesi atachoka njiani, nitambeba, na mgongo wangu ni wa mchele."

Basi mwaka ule nilikula! Ugali, maharage, ndizi za kuchoma, mpaka mama akawa anaficha chungu. Tulipimwa kwenye ghala la kahawa, tunaning'inia kwenye ndoano ya mizani, miguu hewani, harufu ya magunia puani. Dada yangu Tabitha alishapita sitini zamani. Mimi mara ya mwisho nilikuwa hamsini na nane.

Siku yenyewe tukakuta mizani mpya. Nikaning'inia. Karani Ezekia akasoma: "Ishirini na nane."

Ishirini na nane! Nimeliwa na nini? Nikaangua kilio. Karani akatueleza kwamba sasa ni kilo, na kilo moja ni ratili mbili na kidogo. Tabitha akazidisha palepale.

"Hamsini na sita! Umepungua, mdogo wangu! Utabaki na kuku, sisi tukale wali."

"Basi, mwakani," baba akasema.

"Na hicho kidogo je?" nikapiga kelele.

"Kidogo ni kidogo tu," Tabitha akanibeza.

Karani akatoa mizani ya sahani mbili. Jiwe la kilo huku, mawili ya ratili kule. Sahani ya kilo ikashuka, puu! Akaongeza vijiwe vya wakia, kumi na sita ndiyo ratili moja, upande wa ratili: kimoja, cha pili, cha tatu, ndipo zikakaribia kulingana.

"Hicho kidogo kimo katika kila kilo, mzee," akamwambia baba. "Binti yako anavyo ishirini na vinane."

Wakavijumlisha: ratili tano na ushee. Sitini na moja! Niliruka mpaka magunia yakatoa vumbi, na baba, aliyekuwa mgumu wa kucheka, akacheka.

Nikaenda, tena kwa miguu yangu. Tulishuka milima mpaka joto likatupokea kama pumzi ya chungu, na jioni tukala wali mpya kwa samaki wa mtoni, vidole vikinata.

Leo baba hayupo, Tabitha hayupo, na ile njia ya miguu imelimwa mahindi. Mchele wa Kamsamba wananiletea kwa gari, kilo nizitakazo. Naupika vizuri tu. Lakini ule wa jioni ile, mwenzangu, sijauonja tena.