Tamthilia Iliyoishia Ng'ambo ya Uzio

Yote yalianza Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, saa kumi kamili alasiri, mwaka niliokuwa darasa la nne. Saa naikumbuka kwa sababu tamthilia ile haikuwahi kuchelewa, si kama misa yetu ya kigangoni.

Juzi hapa bwenini, Sumbawanga mjini, simu ya matroni iliita kwa muziki wa kufungulia wa tamthilia ile, zumari na ngoma ndogo, nikabaki nimeshika kijiko cha uji hewani. Wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Mimi kusimulia kwa mdomo siwezi, kila mtu anajua. Kwa kalamu najaribu.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, kwenye kijiji kimoja njia ya Mwazye. Jirani yetu alikuwa Mama Kulwa, Msukuma, ambaye yeye na mumewe walihamia kwetu na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Kwake ndiko kulikuwa na sola na televisheni, na kila Jumapili mimi na Bibi tulikaa kwenye mkeka wake kumwangalia Mzee Tuli, mwenye nyumba bahili, mwenye wapangaji sita na bomba moja la maji. Unacheka mpaka mbavu zinauma, halafu ghafla mtu anasema neno moja na unajikuta unafuta machozi. Mwaka ule wakatangaza kwamba huo ndio msimu wa mwisho. Shuleni tuliuzungumzia kama mtihani.

Sasa, mwezi wa tano ndio ulezi unakomaa. Mtoto anapanda dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, anaamia: anafukuza ndege kwa kelele na mawe, na anaangalia mifugo isiingie. Jumapili ile zamu ilikuwa yangu, na Bibi alikwenda kumwona mgonjwa. Zilibaki sehemu mbili tu tamthilia iishe. Upepo wa kule juu unakata masikio. Saa kumi ilipokaribia nikajiambia kwamba ndege nao hupumzika siku ya Bwana. Nikashuka.

Niliporudi, ng'ombe kumi na kitu walikuwa ndani ya ulezi. Harufu ninayo mpaka leo: mabua mabichi yaliyopondwapondwa, na kinyesi kibichi kinachofuka moshi kwenye baridi. Bibi alipofika aliuliza mara moja tu nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa juu ya dungu. Nikasema Baba Kulwa aliwaingiza ng'ombe makusudi, nikapiga kelele, akanitazama tu akawaacha wale. Uongo ulitoka mzima mzima, yaani kama ulikuwa umeshapikwa unangoja kupakuliwa. Mimi, ambaye darasani sikuweza hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Baba Kulwa alisema ng'ombe walimponyoka wakati anamvuta ndama aliyekwama korongoni. Hakuna aliyemsikiliza. Bibi alipeleka mashtaka kwa mwenyekiti wa kijiji, yakapangwa kusikilizwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, na maneno yakaenea: ikithibitika walilisha makusudi, wahame, washuke bonde la Rukwa na mifugo yao.

Na Mama Kulwa alijua nilikokuwa saa ile. Nilikuwa kwenye mkeka wake, natafuna karanga zake. Wiki nzima nilingoja aseme. Alhamisi tulikutana kisimani. Akanitwisha ndoo, akanitazama.

“Umekonda, mwanangu. Kula,” akasema, akaondoka zake.

Jumapili ikafika. Bibi alikuwa amepiga marufuku mtu wa nyumba yake kuvuka uzio. Saa kumi tulikuwa uani, yeye anapepeta ulezi uliosalia, muziki ukaanza. Mama Kulwa akaongeza sauti. Akaongeza tena. Bibi hakugeuza shingo, lakini kila Mzee Tuli alipofungua mdomo, ungo ulisimama. Wapangaji walipogombania bomba, niliona mabega ya Bibi yanatikisika. Akasingizia pumba zimemwingia puani.

Halafu televisheni ikanyamaza. Mzee Tuli alikuwa ameletewa karatasi za kuuza nyumba, hilo tulilisikia vizuri. Baada ya hapo, hakuna sauti wala muziki. Bibi akashindwa kuvumilia, akaniuliza kwa kunong'ona kama Mzee Tuli amesaini. Ningejuaje mimi?

Sauti ya Mama Kulwa ikaruka uzio. “Kalamu anayo, mkono unatetemeka. Wafipa ninyi, mmemtupia radi mpaka ndani ya televisheni.”

Sisi Wafipa, tunaosemwa kwamba tunatuma radi, na Wasukuma ni watani, na mtani hajibiwi kwa hasira. Bibi alijikaza kidogo.

“Tafuna michembe yako ya viazi unyamaze,” akasema. “Amesaini au hajasaini?”

“Amesaini. Wapangaji wanabeba magodoro.”

Bibi akaweka ungo chini. Tuliusikiliza muziki wa kufungia mpaka ukaisha, wao kule, sisi huku. Mawazoni mimi sikumwona Mzee Tuli wala wapangaji wake. Nilimwona Mama Kulwa na godoro kichwani. Nikapata ujasiri wa kumuuliza Bibi kama kesho bado tunakwenda kwa mwenyekiti.

“Utani ni utani, mjukuu wangu,” akasema. “Ulezi ni ulezi.”

Wiki ile yote niliamini Mama Kulwa ananitesa kwa kunyamaza, kama paka na panya. Nimefika miaka kumi na sita ndipo nimemwelewa. Angesema mtoto alikuwa kwake, nani angemwamini, mhamiaji anayemsingizia mjukuu wa mwenyeji? Na kama wangemwamini, jina la mwongo lingeniganda kijijini mpaka naolewa. Neno lile lilikuwa na mdomo mmoja tu wa kulitoa, wangu, naye aliungoja, huku nyumba yake ikiwa hatarini. Sijui kama ningeweza kumngojea mtoto wa mtu hivyo.

Asubuhi ya Jumatatu mwenyekiti aliniita mbele nieleze nilichokiona. Watu walijaa mpaka mlangoni. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

“Sikuona kitu,” nikasema. “Nilikuwa kwa Mama Kulwa, naangalia tamthilia.”

Mwenyekiti akaniambia niongeze sauti. Nikarudia, na safari hii hata waliokuwa nje walisikia.

Bibi akainuka taratibu, kitenge akikishika kiunoni. Nilifumba macho kungoja kofi. Akanipita. Alikwenda mpaka alipokaa Baba Kulwa, mtu wa umri wa mwanawe, akachuchumaa mbele yake, akaanza kupiga makofi polepole, vile Wafipa tunavyomwamkia mtu tunayemheshimu. Baba Kulwa akamwomba ainuke. Hakuinuka, aliendelea kupiga. Nikaenda nikachuchumaa kando yake, nikapiga na mimi.