Daktari Aje Aseme Mwenyewe

Sijawahi kuona mtu aliyefurahia TB kama mama yangu. Alitoka hospitali kule Bungoma mjini akicheka, akimshika mkono kila aliyekuwa kwenye foleni, hata mlinzi wa geti, akiwaambia kwamba uvimbe wa shingo yake ni TB tu na utapona kwa dawa. Mimi nilikuwa nyuma yake nimenuna. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kutafuta wakili.

Maana miezi michache kabla ya hapo, daktari mmoja wa kliniki ya kibinafsi huku Kitale, ninakouza mitumba, alibonyeza ule uvimbe kwa vidole akasema ni saratani na imeshaenea. Hakuchoma sindano, hakupima chochote. Akatuambia tumpeleke mgonjwa nyumbani akapumzike. Nilirudi naye kijijini kwetu Sirisia nikilia njia nzima, na kufikia jioni kijiji chote kilikuwa na habari.

Basi watu wakaja kumuaga. Kwetu huendi kwa mgonjwa wa namna hiyo mikono mitupu, kwa hiyo kila aliyekuja alikuja na kuku. Wamama wa kanisa walimpalilia mahindi, kisha wakamficha jembe. Hakuna aliyembishia tena wala kumtania. Mama akanenepa kwa mchuzi, na wao wakasema ni ugonjwa unamvimbisha.

Ni yeye mwenyewe aliyesema twende Bungoma tupime tena. Alikuwa na njaa kila saa, na hakuamini mtu wa kufa anaweza kutamani ugali hivyo. Huko walivuta maji ya uvimbe kwa sindano, wakapima, wakatupa jibu.

Sasa shida ikawa kijiji. Dawa zilipoanza kupunguza uvimbe, walisema umeingia ndani. Mama akishika jembe, ananyang'anywa. "Wewe pumzika tu, mama," wanamwambia kwa ile sauti ya matanga. Polepole akaacha kucheka. Siku moja tukiosha vyombo akaniambia, "Hawa watu wamenizika, na mimi nawaona."

Ndipo nikampeleka kwa wakili, ambaye ofisi yake ilikuwa karibu na stesheni ya reli pale Bungoma. Alitueleza bila haraka. "Tunaweza kumshtaki kwa uzembe," alisema. "Lakini tutahitaji daktari mwingine aseme kortini kwamba mwenzake alipaswa kupima kwanza, na tuonyeshe kosa hilo lilimuumiza mama vipi. Mnaweza pia kulalamika kwa bodi ya madaktari, ambayo inaweza kumwadhibu. Ila msikae sana, kesi kama hizi zina muda wake."

Nikamwambia afanye yote. Nilikuwa nimeshaliuza gari la yule daktari kichwani.

Mama akauliza, "Korti inaweza kumleta Sirisia aseme mwenyewe?"

"Hapana, mama. Korti inaweza kukupa fidia. Lakini tukielewana naye nje ya korti, unaweza kuomba hata hilo."

"Basi niombee hilo."

Nilikasirika, bana. Nilimwambia anamwachilia mtu kirahisi. Akanijibu kwamba shingo ni yake.

Wakili alimwandikia daktari barua, naye akaja Jumapili moja baada ya ibada, akiwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, jasho linamtoka. Alisimama mbele ya waumini akasema, "Nilikosea. Sikumpima. Mama huyu hana saratani, na hakuwahi kuwa nayo. Naomba msamaha." Nilikuwa nimebeba maneno makali ya kumpa, lakini yote alikuwa ameshayasema yeye. Kanisa lote likamgeukia mama.

Halafu akasimama jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akimletea mama uji na kumpapasa mkono tangu siku ile tuliyorudi kutoka Kitale.

"Ati hufi?" alimuuliza.

"Sifi."

"Basi funga hao mbuzi wako. Si wamemaliza sukuma wiki yangu yote shambani, na mimi nimenyamaza tu nikikuhurumia."

Mama akasimama, akaweka mikono kiunoni, akamjibu kwamba ua wa shamba lake ndio umeoza na kila mtu anajua. Walitoka kanisani wakizozana, wakapita mbele ya daktari bila kumwona, na mama alikuwa analia kwa furaha huku anabisha.